Mama Susanna Wesley, mzazi wa watoto 19



Mara nyingi tunasoma habari za watumishi wa Mungu waliohubiri mbele ya makutano makubwa. Leo tunataka kuongea juu ya mama mmoja aliyepitisha karibu maisha yake yote ndani ya nyumba, kati ya watoto, vyungu na madeni. Hakuanzisha kanisa. Hakupanda mimbara. Jina lake ni Susanna Wesley. Wengi wanamjua mwana wake John, ambaye kwake walitoka Wamethodisti. Hata kwetu Katanga, toka Lubumbashi mpaka Kamina, ni nani asiyeishi jirani na Mmethodisti? Lakini John alilelewa na mtu. Basi wamama, na ninyi wababa pia, tusikilize habari za huyo aliyemlea.

Susanna alizaliwa katika mji wa London, huko Uingereza, mwaka wa 1669. Baba yake, Samuel Annesley, alikuwa mchungaji. Mwaka wa 1662 alifukuzwa katika parokia yake kwa sababu alikataa kufuata taratibu za kanisa la serikali, na tangu hapo akawachunga wale walioitwa wapinzani. Alizaa watoto zaidi ya 20, na Susanna ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Sasa sikieni jambo la ajabu. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi, msichana huyo alichunguza mambo ya dini kwa akili yake mwenyewe, kisha akaamua kurudi katika kanisa lile lile lililomfukuza baba yake. Baba mwingine angempiga, au angemfukuza nyumbani. Papa Annesley hakufanya hivyo. Aliendelea kumpenda, na alipokufa alimwachia yeye maandiko yake yote. Mimi naona uvumilivu wa Mama Susanna ulianzia hapo. Alivumiliwa kwanza, kabla ya kuwavumilia wengine.

Mwaka wa 1688 aliolewa na Samuel Wesley, kijana mchungaji mwenye elimu nyingi na kichwa kigumu. Baada ya miaka michache wakahamia Epworth, kijiji cha wakulima katika jimbo la Lincolnshire, mahali pa mabwawa na matope. Huko walikaa karibu miaka 40.

Kwa jumla Mama Susanna alizaa watoto 19 katika miaka 20 hivi. Tisa walikufa wangali wachanga. Mama anayesoma habari hii, wewe uliyezika hata mmoja tu, unajua neno hilo linamaanisha nini. Yeye alizika tisa. Mary, mmoja wa wale waliobaki, alipata ulemavu angali mdogo kwa sababu ya uzembe wa mlezi, na ulemavu huo ulimfuata maisha yake yote.

Bwana wake alikuwa mtu wa Mungu, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Mshahara wake haukuwa mdogo sana. Madeni ndiyo yaliyoula kabla haujafika. Tena alikuwa mwepesi wa hasira. Siku moja, katika ibada ya nyumbani, aliona kwamba mke wake haitiki Amina wakati wa kumwombea mfalme William. Mama Susanna aliamini moyoni mwake kwamba mfalme huyo hakuwa na haki ya kukaa kwenye kiti kile. Samuel alikasirika, akaacha kitanda chake, akaondoka kwenda London. Walitengana miezi kadhaa. Mfalme William alifariki mwezi wa Machi 1702, na baadaye mwaka ule Samuel akarudi nyumbani. Mtoto waliyempata baada ya kupatana ndiye John, aliyezaliwa mwezi wa Juni 1703. Tunalisema jambo hili ili mtu asifikiri kwamba nyumba hii ilikuwa ya malaika.

Mwaka wa 1705 ulikuwa mgumu kupita yote. Kulikuwa na uchaguzi, na Samuel alijitia upande mmoja, wakati watu wengi wa Epworth walikuwa upande mwingine. Mama Susanna alikuwa ametoka tu kujifungua. Usiku watu walikuja karibu na nyumba yao, wakapiga ngoma, wakafyatua bunduki, wakapiga makelele mpaka usiku wa manane. Mwanamke aliyekuwa akimtunza mtoto mchanga alikosa usingizi. Mwishowe alipolala, alilala kama mfu, akamlalia mtoto bila kujua. Alipoamka, mtoto alikuwa amekufa. Akakimbia na ile maiti ndogo, nayo ikafikishwa mikononi mwa mama yake.

Haukupita muda, mtu mmoja aliyemdai Samuel alitaka fedha zake mara moja. Zilikuwa pauni 30 hivi, na Samuel hakuwa nazo. Akafungwa katika gereza la Lincoln. Maadui wakaja usiku wakawachoma ng'ombe zao kwa visu, wale ng'ombe ambao maziwa yao yaliwalisha watoto. Mama Susanna alifanya nini? Alivua pete zake, kwa sababu hakuwa na kitu kingine chenye bei, akampelekea bwana wake gerezani auze apate kula. Samuel akazirudisha.

Wakati huo askofu mkuu wa York, aliyewahurumia, alimwuliza Mama Susanna kama walikuwa wamewahi kukosa mkate kabisa. Wapendwa, angalieni jibu lake. Angeweza kujibu kama vile wengi wetu tunavyojibu mchungaji akitutembelea, kwamba mambo ni mazuri, tunamshukuru Mungu. Hakusema hivyo. Alisema kwamba kwa kweli hawakukosa mkate kabisa. Lakini akaeleza kwamba alihangaika sana kuupata kabla ya kuula, na kuulipa baada ya kuula, mpaka ukapoteza utamu wake, na kuupata mkate kwa namna hiyo ni karibu sawa na kuukosa. Askofu akampa fedha za kumsaidia. Sisi tunafikiri kwamba jibu lile lilikuwa na shukrani ya kweli ndani yake. Alikubali alichopata, na hakumficha mtu uzito wake. Wako Wakristo wanaodhani kwamba kumshukuru Mungu ni kusema hakuna shida. Mama huyu hakuwa hivyo.

Sasa tufike kwenye usiku wa tarehe 9 Februari 1709. Karibu na saa sita ya usiku moto ulishika nyumba ya mchungaji. Ilikuwa nyumba ya mbao na udongo, yenye paa la majani, na upepo ulivuma. Mama Susanna alikuwa na mimba kubwa. Mtoto yule, Kezia, alizaliwa mwezi uliofuata. Alijaribu kupita mlangoni, moto ukamrudisha. Akajaribu tena, ukamrudisha. Mwishowe alimwomba Mungu, akapita katikati ya moto jinsi alivyokuwa, akatoka mikono na uso vikiwa vimeunguzwa kidogo.

Mlezi alikuwa amembeba Charles, ambaye alikuwa bado mdogo sana, akawaita wengine wamfuate. Wakahesabu watoto huko nje. Mmoja hayupo! Ni John, mwenye umri wa miaka mitano. Baba yake alijaribu kupanda ngazi, lakini ilikuwa inawaka na haikuweza kumbeba. Akapiga magoti akaikabidhi roho ya mtoto wake kwa Mungu, maana hakuona njia nyingine. Wakati ule ule mtoto akaonekana dirishani, amesimama juu ya sanduku. Hakukuwa na muda wa kuleta ngazi. Mtu mmoja akasimama karibu na ukuta, mwingine akapanda mabegani mwake, akamvuta mtoto. Mara paa likaanguka ndani.

Samuel akawaita majirani wapige magoti pamoja naye wamshukuru Mungu, kwa sababu watoto wote wanane wa nyumba ile walikuwa hai. Samuel mdogo, mtoto wa kwanza, alikuwa shuleni London. Nyumba iliungua, vitabu viliungua, na yale maandiko ya Papa Annesley, urithi wa Mama Susanna, yaliungua nayo. Nguo hawakuwa nazo. Lakini walishukuru hapo hapo, majivu yangali moto. Hawakungoja kwanza kujengewa.

Lakini habari haikuishia kwenye sala ile, na sehemu inayofuata haisimuliwi mara nyingi. Kwa sababu hapakuwa na nyumba, watoto waligawanywa. Huyu alikwenda kwa ndugu, yule kwa jirani. Walikaa huko miezi mingi, mpaka nyumba mpya ya matofali ilipokwisha. Waliporudi, mama hakuwatambua. Walikuwa wamezoea kuzurura na watumishi, wamejifunza nyimbo mbaya na maneno yasiyofaa, wameacha kuheshimu siku ya Bwana, na ile adabu aliyowafundisha kwa miaka mingi ilikuwa imekwenda na moto. Wazazi wa kwetu waliokimbia vita na kuacha watoto huku na huku wanaelewa jambo hili bila maelezo. Kujenga nyumba tena ni kazi ya mafundi. Kumjenga mtoto tena ni kazi ya nani?

Mama Susanna alianza upya toka mwanzo. Aliweka zaburi ziimbwe asubuhi na jioni, wakati wa kuanza masomo na wa kuyamaliza. Saa kumi na moja ya jioni kila mtoto mkubwa alimchukua mdogo wake, yule mkubwa kabisa pamoja na mdogo kabisa aliyejua kusema, wakasoma zaburi na sura ya Agano Jipya.

Shule ilikuwa nyumbani mwake. Toka saa tatu mpaka saa sita, na toka saa nane mpaka saa kumi na moja, siku sita kwa juma. Mtoto alianza kusoma akifika umri wa miaka mitano. Siku ya kwanza alifundishwa herufi zote, na karibu wote walizijua siku ile ile. Wawili tu, Mary na Anne, walihitaji siku moja na nusu. Kesho yake walianza na mwanzo wa kitabu cha Mwanzo. Aliweka amri nyingine ambayo kwa wakati wake ilikuwa mpya: msichana asifundishwe kazi za mikono mpaka ajue kusoma vizuri. Wababa mnaowaacha wasichana nyumbani na kulipia wavulana peke yao, mmeisikia?

John mwenyewe, alipokuwa mzee, alisimulia kwamba siku moja baba yake alikaa akihesabu jinsi mama alivyomwambia mtoto mmoja jambo lile lile mara 20. Baba alishangaa, akauliza anapata wapi uvumilivu wa kumrudilia mtoto asiyeelewa upesi. Mama akajibu kwamba kama angeacha kwenye mara ya 19, angekuwa amepoteza kazi yote, maana ni ile mara ya 20 iliyofaulu.

Alitumia fimbo, tusilifiche jambo hilo. Watoto wake walifundishwa kuiogopa walipofika mwaka mmoja, wengine hata kabla, na kulia kwa sauti ndogo. Hapo mimi simfuati; mtoto mchanga hajui kosa. Lakini kuna amri zake nyingine ambazo ningefurahi kuziona katika kila nyumba ya mwamini. Mtoto aliyekiri kosa lake bila kulazimishwa hakupigwa, kwa sababu mama alijua kwamba woga ndio unaozaa uongo. Kosa lililokwisha kuadhibiwa halikutajwa tena. Mtoto aliyetii jambo asilolipenda alisifiwa. Aliyejaribu kupendeza akashindwa, nia yake ilipokelewa kwa wema. Kitu cha mtoto kilikuwa chake, hata kama ni pini tu, na ndugu yake hakuruhusiwa kukichukua. Na ahadi iliyotolewa ilitimizwa.

Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1711 kuelekea 1712, Samuel alikuwa London kwenye mkutano wa viongozi wa kanisa. Mama Susanna aliwasomea watoto na watumishi wake mahubiri siku ya Bwana jioni. Jirani mmoja akasikia, akaomba kuja. Kisha wengine, mpaka wakafika karibu 200, wengine wakisimama nje. Msaidizi wa mchungaji, ambaye kanisani kwake hawakufika wengi namna hiyo, aliandika barua kushitaki. Samuel akamwomba mke wake aache. Naye akajibu kwamba hatakubali kushauriwa tu. Kama ataka aache, basi amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu yeye asiwe na hatia kwa nafsi zilizokosa kusikia Neno. Samuel hakutoa amri hiyo.

Wakati huo huo alisoma habari za wamisionari waliotumwa toka Denmark kwenda Tranquebar, huko India, na moyo wake ukawaka. Alijiuliza yeye mwanamke, mwenye nyumba iliyojaa watoto, afanye nini zaidi. Hakuota kwenda India. Aliamua kuongea na kila mtoto peke yake, jioni moja kwa juma. Jumatatu ilikuwa ya Mary, Jumanne ya Hetty, Jumatano ya Anne, Alhamisi ya John, Ijumaa ya Martha, Jumamosi ya Charles, na siku ya Bwana ya Emilia na Susanna mdogo. Fikiri, mama mwenye kazi yote ile! Lakini jioni ile, mtoto alijua kwamba mama ni wake peke yake. Miaka 20 baadaye, John alipokuwa mwalimu katika chuo cha Oxford, mtu mzima mwenye elimu kubwa, alimwandikia mama yake akimwomba bado amkumbuke kwa ile saa ya Alhamisi.

Je, watoto wote walifanikiwa? Hapana. Binti zake wengi walipata ndoa za machozi. Habari ya Hetty ndiyo inayouma zaidi. Alikuwa mwenye akili nyingi kati ya wasichana, mtunzi wa mashairi. Mwaka wa 1725 alitoroka na mwanamume aliyemwahidi ndoa, kisha mwanamume akamwacha. Akarudi nyumbani na mimba. Baba akamwoza haraka kwa William Wright, fundi wa mabomba, mtu asiyelingana naye hata kidogo, na mtoto akafa mapema. Samuel hakumsamehe. Hetty aliandika barua za kuomba, mlango haukufunguliwa. Mwaka wa 1726 John alihubiri mbele ya baba yake juu ya upendo tunaopaswa kuwa nao kwa wakosaji. Baba akajua ni nani anayesemewa, akakasirika sana. Nyumba iliyoweka sheria kwamba kosa lililokwisha lisitajwe tena, hapa ilishindwa na sheria yake. Tuliandike hivyo lilivyo. Uvumilivu uliotosha kwa mtoto wa miaka mitano haukutosha kwa binti wa miaka 28.

Samuel alifariki mwaka wa 1735. Mama Susanna alibaki na madeni, akawa mtu wa kukaa kwa watoto, leo kwa huyu kesho kwa yule. Mwaka ule ule John na Charles walitaka ruhusa yake waende Georgia, huko Marekani, kuhubiri. Mama mjane anawahitaji wana wake karibu, yeye aliwaachilia.

Mwaka wa 1739 alikwenda kukaa London na John, katika jengo lililoitwa Foundery, kiwanda cha zamani cha mizinga kilichogeuzwa kuwa nyumba ya sala. Mwaka ule, akiwa na miaka 70, alipokea kikombe cha Meza ya Bwana, na maneno yaliyosemwa yakapenya moyoni mwake, akajua kwamba Mungu amemsamehe dhambi zake zote. Alikuwa amefundisha wengine miaka yote ile, na alipokea furaha hiyo kama mtoto, bila kuona haya kwamba imechelewa.

Hapo pia ndipo alipomzuia John asikosee. Kijana mmoja asiye na daraja la uchungaji, Thomas Maxfield, alikuwa ameanza kuhubiri John akiwa safarini. John akarudi kwa haraka amnyamazishe. Mama akamwonya awe na hadhari, kwa maana kijana yule ameitwa na Mungu kama John mwenyewe alivyoitwa. Kwanza amsikilize na kutazama matunda ya kazi yake. John alisikiliza, akakubali. Makanisa mengi yaliyoanzishwa na watu wasio na vyeti yanaweza kumshukuru mama huyo kidogo.

Mwezi wa Julai 1742 nguvu zilimwisha. Samuel mdogo, Mary na Kezia walikuwa wamemtangulia. Charles hakuwapo London. Lakini John alikuwapo, na binti zake walikaa kumzunguka, na Hetty alikuwa kati yao. Kabla ya kupoteza sauti, mama aliwaagiza kwamba mara tu roho yake itakapofunguliwa, wasianze na kilio, bali waimbe zaburi ya kumsifu Mungu. Alipokata pumzi, polepole, bila kuhangaika, wakasimama kuzunguka kitanda, wakaimba.

Alizikwa siku ya Bwana, tarehe 1 Agosti, katika makaburi ya Bunhill Fields, na John alihubiri mbele ya mkutano mkubwa usiohesabika.